Mikate Kwenye Uzio wa Bustani

Sisi tuliokunywa maziwa ya shule ya pakiti ya pembe tatu tunajuana hata tukikutana ugenini. Mmoja akitaja tu namna tulivyokuwa tukiing'ata ile ncha kwa meno, mwenzake ameshaanza kucheka. Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Njoro, siku ya maziwa ilikuwa sikukuu. Pakiti ikiisha unaipuliza ijae hewa, unailaza chini, unairukia kwa miguu yote miwili, paa! Mwalimu wa zamu anatoka ofisini mbio akidhani gurudumu la lori limepasuka barabarani. Sisi tumeshatawanyika, na kila mmoja ana masharubu meupe ya kumsaliti.

Lakini usidhani pakiti zile zilibaki zimezagaa uwanjani. Zile zilizonusurika miguu yetu zilioshwa, zikajazwa udongo, zikapandwa miche ya mikaratusi nyuma ya darasa la nne. Enzi zetu takataka hatukuwa nazo hasa, maana kila kitu kilikuwa na kazi ya pili inayokisubiri. Mkebe wa mafuta ya kupikia ukiisha unakuwa kikombe cha Baba. Vifuniko vya soda vilikuwa kete za drafti. Tyubu kuukuu ya baiskeli ilikatwa vipande vyembamba, sisi wasichana tukaviunga tukaruka blada mpaka giza liingie, na wavulana wakikusanya waya na kutengeneza magari yenye usukani mrefu, wakayaendesha njiani wakinguruma kwa midomo. Nyama ilitoka buchani ikiwa imefungwa kwa gazeti. Mama akishaitoa nyama, Baba anachukua lile gazeti lenye damu na kusoma habari za wiki iliyopita, na bado anabishana nazo.

Dukani ulikwenda na kikapu chako. Ukienda bila kikapu, unarudi umekumbatia unga kifuani, na gauni lote jeupe. Mafuta ya taa ulipelekea chupa yake yenye kamba shingoni. Na ole wako ule ndizi uache ganda mlangoni. Mama alikuwa na maneno yake, aliyasema kila siku kama sala: "Hilo ganda unamwachia nani? Mimi si yaya wako!" Leo mimi ndiye yaya, tena wa huku Riyadh, mtaa wa Malaz, naokota maganda ya watoto wa watu. Nikimkumbusha Mama kwenye simu anacheka mpaka anakohoa.

Shuleni mambo yalikuwa mazito zaidi. Kabla ya kengele ya asubuhi tulipangwa mstari mmoja mrefu kutoka getini hadi vyooni, wakubwa kwa wadogo, kisha tunatembea polepole huku tumeinama, tukiokota kila kilicho mbele yetu. Mwalimu Chebet alifuata nyuma na kiboko chake, akisema kwa ile sauti iliyofika mpaka barabarani, "Sitaki kuona mgongo ulionyooka!" Mimi nilikuwa mrefu kuliko wote darasani, kwa hiyo mgongo wangu ulionekana upesi. Nimelipia urefu huu, jamani. Lakini tukishamaliza, uwanja ule mwekundu ulikuwa safi hata ungeweza kumwaga mchele na kuula.

Siku hizi binti yangu Sharon yuko chuo huko Nairobi. Juzi alinitumia picha akiniambia wamefanya usafi wa mtaa, yeye na wenzake. Nikaangalia. Glavu nyeupe pe, kope za bandia, vidole viwili juu. Nikamuuliza, "Sasa takataka ziko wapi?" Akanijibu, "Mum, hizo hazikutokea poa kwa picha." Mwalimu Chebet angempata huyo!

Basi, nimeyasema yote hayo ili mnielewe nitakapowasimulia habari ya bustani.

Madam wangu ni mtu mwema. Ijumaa, baada ya familia kula chakula cha mchana na mimi kuosha vyombo, ananiachia mpaka magharibi. Si kila mwenzangu anapata bahati hiyo. Ninachukua flaski yangu ya chai na leso, naenda bustanini, pale katikati ya maghorofa ya zamani ya Malaz. Hapo tunakutana Wakenya kadhaa. Rispa anafanya usafi kwenye jengo la ofisi kule Olaya, wiki nzima anasugua vioo mpaka ndege wanajigonga wakidhani hapana kitu. Barasa ni dereva wa familia moja ya hapohapo Malaz. Wengine huja na kwenda kulingana na ruhusa za mabosi wao. Tunatandika leso, tunakula chapati, tunasengenya kidogo, tunacheka kwa sauti ambayo nyumbani kwa madam huwezi kuitoa.

Niwaambie ukweli, ile nyasi ndiyo ardhi pekee ninayoikalia. Siku nyingine zote niko wima, na nikikaa nimekaa ukingoni mwa kitanda changu. Watu wa nyumbani hawaelewi hili. Wanafikiri tunalilia chakula cha kwetu au mvua. Mimi nililokuwa nalilia ni kunyoosha miguu mahali ambapo hakuna atakayeniita.

Shida ni kwamba bustani ile ilikuwa imechafuka. Vikombe vya karatasi, makasha ya kuku wa kukaanga, maganda ya mbegu za alizeti ambazo huku watu wanazitafuna kama kazi ya mshahara. Na mifuko! Kwetu Kenya mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, ukionekana nayo unajificha kama mwizi. Huku ukinunua bigijii moja ya kutafuna unapewa mfuko. Ukinunua mbili, unapewa miwili. Upepo ukija unaibeba yote na kuibandika kwenye uzio wa bustani.

Mwenye duka la pembeni ni Myemeni mmoja tunayemwita Amu Abdu. Anatuuzia kadi za simu na unga wa mahindi, anajua majina yetu yote, na anazungumza nasi Kiarabu cha maneno machache na mikono mingi. Ijumaa moja aliniita kando, uso umemkunjamana.

"Ya Neema," akasema, maana jina langu ni Neema, "kuna mushkila. Abu Fahad amekasirika."

Abu Fahad ni mzee wa Kisaudia anayeishi ng'ambo ya bustani, ghorofa ya chini. Tulikuwa tukimwona tu akipita na fimbo yake kwenda msikitini.

"Anasema kila Jumamosi asubuhi bustani ni jalala," Amu Abdu akaendelea. "Anasema ni nyinyi. Anataka kwenda baladia, ofisi ya jiji, mkatazwe kukaa. Halas, mafi Ijumaa, hakuna tena."

Nilirudi kwenye leso. Nilipowaeleza wenzangu, Barasa aliwaka. "Si sisi peke yetu! Hapa si kila mtu anakaa? Mbona asiende kuambia hao wengine?"

Rispa alimtazama kwa utulivu. "Barasa, hilo ganda la alizeti kwa shati yako ni la nani?"

Barasa akaangalia kifua chake, akalibandua lile ganda, akakosa pa kulitupa. Akalitia mfukoni. Sote tukacheka, lakini kicheko cha watu waliokamatwa.

Hapo ndipo nilipomjua Rispa ni mtu wa namna gani. Mwanamke huyu wiki nzima anaokota uchafu wa ofisi nzima, na siku yake ya kupumzika ndiyo hiyo moja. Angekuwa mtu wa kwanza kusema mimi nimechoka. Badala yake alisimama, akapangusa sketi, akasema, "Ijumaa ijayo kabla hatujatandika, tunasafisha. Yote. Yetu na isiyo yetu. Mzee akitaka kutufukuza, atufukuze mahali pasafi." Kisha akaenda dukani moja kwa moja kuomba mifuko ya taka.

Amu Abdu hakumwacha amalize. Akatoa ile mifuko mikubwa myeusi na glavu, akaongeza na ahadi: kuanzia siku hiyo, mwenye kununua kitu kimoja atabeba mkononi, asipewe mfuko mpaka auombe. Dobi wa jirani, kijana wa Kibangladeshi, aliposikia akatuletea rundo la henga za waya zilizopinda. Barasa, ambaye utotoni kwao Webuye alikuwa fundi wa magari ya waya, alizinyoosha moja baada ya nyingine na kuzitia ndoano mbele, tukapata fimbo za kuokotea bila kuumiza viuno. Nilimtania kwamba sasa amebakiza kunguruma. Na yule wa duka la kuku wa kukaanga, tuliyedhani hatujali, aliburuta pipa kubwa akaliweka mlango wa bustani, akawa anamwambia kila mteja kwa lugha yake, "Kasha hapa, kasha hapa." Watu wenye kazi zao, hakuna aliyeuliza atapata nini. Mpaka leo nawavulia kofia.

Ijumaa ikafika. Tuliingia kazini kwa moyo mmoja, mstari mrefu, migongo imeinama, nikamsikia Mwalimu Chebet nyuma yangu kabisa. Rispa akachukua nyasi, Barasa akachukua njia ya kupitia watu, na mimi kwa sababu ya huu urefu wangu nikapewa uzio. Kwenye uzio kulikuwa na mifuko mingine tofauti na ile ya upepo. Hii ilikuwa imefungwa fundo zuri, imening'inizwa kwenye ncha za vyuma, safi, kila mmoja na nafasi yake. Nikajisemea, kweli watu wa huku ni wastaarabu, hata taka zao wanazifunga kama zawadi. Nikaitungua yote, nikaitumbukiza kwenye lile pipa kubwa la taka, mmoja baada ya mwingine, huku naimba.

Mara nikasikia mtu anapiga kelele kutoka ng'ambo.

"Neema! Neema!"

Niligeuka. Abu Fahad anakuja, kanzu ameishika kwa mkono mmoja, fimbo juu, kandambili zinapiga lami. Nikashtuka. Mzee huyu hajawahi hata kunisalimu, jina langu amelipata wapi?

"Naam, baba!" nikaitika, nikasimama wima kama askari.

"Neema! Haram aleikum! Neema!" Anaonyesha pipa kwa fimbo.

Nikajigonga kifua. "Ndiyo, baba. Ana Neema. Mimi ndiye."

"La!" Mzee akazidi kupandwa. "Hadha neema!" Na fimbo inaonyesha pipa tena.

Barasa akanijia mbio, akaninong'oneza, "Wewe umemkosea nini huyu mzee? Mnajuana?" Rispa naye kutoka kwenye nyasi anapaza sauti, "Si useme samahani!" Nami nawauliza, samahani ya nini? Nikasema samahani hata hivyo, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, kwa mikono. Mzee akatikisa kichwa kwa uchungu ulionitia hofu kweli. Nikaona Ijumaa zetu zote zinatumbukia mle ndani ya pipa.

Amu Abdu alitoka dukani bila hata kufunga droo. Wakazungumza yeye na mzee, kisha akatugeukia akatueleza pole pole. Ile mifuko ilikuwa mikate. Majirani wakibakiza mkate, ule mviringo wa tamisi au samuli ya asubuhi, hawautupi pamoja na taka, ni haramu kwao kuufanyia hivyo. Wanautia kwenye mfuko safi na kuutundika nje, anayetaka aupitie, awape kondoo au njiwa. Mkate ni neema ya Mungu. Mzee hakuwa akiniita mimi. Alikuwa akiulilia mkate.

Jamani, ningeweza kuzama ardhini. Neno letu wenyewe! Nimebatizwa nalo, nimelijibu tangu nina meno mawili, na siku linapotajwa kwa maana yake halisi mimi nadhani ninaitwa. Na si mimi niliyekulia nyumba ambayo mkate ulikuwa wa wageni na Krismasi? Tulikuwa tunalamba kidole na kuokota makombo mezani mpaka meza ing'ae. Mama angeniona siku ile na mikate ya watu pipani, asingenitetea.

Rispa alivua glavu chafu akavaa nyingine, akainama ndani ya pipa mpaka kikabaki kiuno na viatu. Akatoa mfuko mmoja, akaufuta kwa leso yake, ile leso aliyotumiwa na dada yake kutoka Homa Bay ambayo hata kuikalia huwa haturuhusu. Akanipa. Nikautundika mahali pake. Akatoa mwingine. Barasa naye akaja. Kwa bahati mafundo yalikuwa yamekaza, mikate yote ilikuwa haijaguswa na kitu. Tulifanya hivyo mpaka uzio ukarudi ulivyokuwa, na mzee amesimama tu, ameegemea fimbo, anatutazama.

Mwishowe Amu Abdu akamwambia jambo kwa sauti ya chini, akinionyesha mimi. Abu Fahad akaniangalia. Akaangalia mkate niliokuwa nimeushika. Akaniangalia tena. Midomo ikaanza kumcheza. Halafu kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa cha tumboni, akashikilia uzio asianguke. "Neema anatupa neema!" akasema, akafuta machozi kwa ncha ya kilemba, akamrudia Amu Abdu na kumwambia tena kana kwamba si yeye aliyemweleza. "Neema anatupa neema!"

Habari ya baladia haikusikika tena. Amu Abdu alitoa rafu yake moja kuukuu ya duka, akaiweka mlangoni kwa ajili ya mikate, ili upepo na sisi wageni tusioelewa tusiisumbue. Jamaa wa mzee mwenye mbuzi nje ya mji anapita kuichukua. Na Abu Fahad mwenyewe akaanza kuja Ijumaa, na kiti chake cha plastiki na birika la gahawa, kahawa yao ya Kiarabu. Yeye haokoti, magoti hayamruhusu. Yeye anaelekeza. "Hapa! Yalla, hapa kuna moja!" Wajukuu zake wakaanza kushuka, baadaye na majirani wengine. Ukimwona anavyotusimamia, utasema ni ndugu yake Mwalimu Chebet, ila huyu mwisho wa kazi anakumiminia gahawa.

Kisha ikaja likizo ya shule, na familia ya madam ikaenda Jeddah, nami nikafuatana nao kumwangalia mtoto wao mdogo. Jioni tulikuwa tunampeleka kwenye kornishi, njia ile ya kando ya bahari, na huko nako nikakuta vijana wa mji wenye vizibao vya kung'aa wakipita kwenye mawe wakiokota chupa. Mkahawa mmoja wa hapo ulikuwa unampa kahawa yeyote anayeleta mfuko uliojaa. Walikuwa wanapiga picha, naam, wanapiga picha nyingi mno. Lakini niliangalia nyuma yao, na mawe yalikuwa safi. Nikamtumia Sharon ujumbe wa kumwomba radhi kwa ajili ya kope zake. Nikainama na mimi nikaokota kifuniko kimoja, na mtoto wa madam akaniiga, akaokota kombe la baharini akanipa.

Nilikuwa nimekaa pale ukingoni mwa kornishi siku ya Ijumaa, nikiwaza wenzangu wako kwenye nyasi, ndipo ujumbe wa sauti wa Rispa ukaingia.

"Wee Neema, huku umetuachia shida. Huyu mzee leo amefika na kiti chake, akatuangalia mmoja mmoja, akaniuliza, 'Wein Neema? Wapi Neema?' Mimi nikampeleka mpaka kwa ile rafu, nikamwonyesha, mikate iko sawa, mafi mushkila. Akakasirika! Akasema, 'La, la, si mkate! Neema, yule mrefu!' Nimemwambia umeenda Jeddah na madam. Sasa anauliza unarudi lini. Amekataa kumimina gahawa mpaka nimjibu. Nimwambie nini?"

Enzi zetu kule Njoro, ukikosa kuonekana njiani siku mbili, jirani anapita kwa mama yako kuuliza kama unaumwa. Mwingine anatuma mtoto. Wa tatu anakuja na uji tayari. Hatukukiona hicho kuwa kitu, tulidhani dunia nzima inaishi hivyo. Halafu nikaja kwenye miji hii mikubwa ya watu, na kwa miaka yote hii aliyeniita jina alikuwa anataka chai, au pasi, au soksi ya mtoto iliyopotea. Sikulalamika, ndiyo kazi niliyoijia. Nilikuwa tu nimesahau inavyokuwa mtu akikutafuta na hana la kukutuma.

Niliusikiliza ule ujumbe mara nyingine, mtoto akinivuta mkono turudi kwa mama yake. Macho yalikuwa yamejaa maji na simu siioni vizuri. Nikambonyezea Rispa, nikamjibu kwa sauti, "Mwambie baba anywe gahawa yake. Ijumaa ijayo niko."